Amina Kutoka Ng'ambo ya Korongo

Wale waliopokea imani kabla yetu walisimuliana kisa hiki, nasi twakitoa kama tulivyokabidhiwa. Palikuwa na kijiji cha waumini katika milima ya Upare, enzi zile Ukristo ungali mgeni na nyumba zikiezekwa kwa majani makavu ya migomba. Kijiji kilitandazwa kwenye mgongo wa mlima, nyumba moja chini ya nyingine, kuanzia kanisani kileleni hadi ukingoni mwa korongo. Kengele hawakuwa nayo, basi wakawekeana desturi njema. Kila kulipopambazuka, mzee wa kanisa, jina lake Zakayo, alikuwa akisimama mlangoni pake na kuimba ubeti mmoja. Nyumba ya pili iliupokea na kuupeleka kwa ya tatu, hivyo hivyo mpaka chini. Maneno yenyewe yalikuwa machache: "Kumekucha, Bwana, na sisi tupo; kwa pumzi hii moja tunakushukuru."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane aitwaye Namkunda. Kutoka kwake mlima ulikatika, mto ukapita chini kwenye korongo, na ng'ambo ya pili kulikuwa na kibanda cha Mzee Sefania, mgonjwa wa ukoma. Watu wa zamani waliuogopa ugonjwa ule, wakamtenga, ingawa kwa zamu walimwekea chakula juu ya jiwe kivukoni. Kanisani hakufika. Ibada yake yote ilikuwa sauti ya Namkunda ikivuka korongo asubuhi, naye akiisha kuisikia aliitikia "Amina" kwa sauti iliyokwisha kuharibiwa na maradhi. Namkunda peke yake ndiye aliyeisikia, naye aliirudisha juu, nyumba kwa nyumba, mpaka imfikie Zakayo. Hapo ndipo watu waliposhika majembe.

Na desturi ile ilikuwa na kifungu kimoja cha huruma. Nyumba iliyofiwa iliruhusiwa kunyamaza. Jirani wa chini yake aliiimbia, akiitaja kwa jina: "Kumekucha, Bwana, na nyumba ya fulani ipo." Kwa hiyo nyumba ikinyamaza, watu hawakuuliza maswali. Walijua kuna maiti.

Sasa tumtazame huyu Namkunda, maana kisa ni chake.

Mwanamke huyu alikuwa amechoka. Simaanishi uchovu wa jioni moja, ule unaoondoka kwa usingizi. Mumewe alikufa kwa homa, watoto hawakujaaliwa, na aliyebakia naye nyumbani ni mama mkwe wake, Bibi Nachero, aliyepooza miguu lakini ulimi, la hasha, ulimi ulikuwa mzima kabisa. Namkunda alimwogesha, akamlisha, akamgeuza ubavu huu na huu, na malipo yake yakawa "Uji huu umepikwa na nani, adui yangu?" Akitoka hapo, alikwenda kugombea zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa lililonywesha mashamba yao, na mara nyingi alikuta wenye waume wamekwisha kuyafungulia kwao.

Kidogo kidogo manung'uniko yakahamia kinywani mwake na kukaa. Mvua ikinyesha, imezidi. Isiponyesha, Mungu amewasahau wajane. Jirani wa juu yake, Mama Loti, mwanamke mwenye moyo mwema na maneno mengi, alizoea kupita kumjulia hali, lakini akawa anafupisha njia. Nani hapendi amani? Namkunda aliliona hilo, nalo likawa la kunung'unikia pia. Jambo moja tu hakuliacha, ule wimbo wa asubuhi. Aliimba kwa mazoea, kama mtu anavyofagia uwanja, huku moyo wake ukiwa mbali.

Mwaka ule masika yalishuka kwa hasira. Maharage yakaozea shambani. Mto ukafurika hata kivuko kikazama, na siku hizo hapakuwa na mtu wa kwenda wala kutoka ng'ambo. Sefania alikula mahindi yaliyoning'inia juu ya moshi wake. Amina yake ilimezwa na ngurumo ya maji, isimfikie mtu. Lakini sauti ya Namkunda ilikuwa kubwa, sauti ya mwanamke aliyezoea kuita watu kutoka mlima hadi mlima, na ilivuka.

Asubuhi moja aliamka akakuta paa limevuja juu ya kuni. Akapuliza moto mpaka macho yakawa mekundu. Uji ulipoiva, Bibi Nachero aliusukuma kwa kiwiko, ukamwagika wote juu ya mkeka uliooshwa jana. "Hauna chumvi," akasema.

Namkunda alikuwa amepiga magoti, kitambaa mkononi, aliposikia wimbo ukishuka. Nyumba ya Zakayo. Ya pili. Ukaja, ukaja, mpaka kwa Mama Loti. Kisha kimya kikamsubiri yeye.

Akafumba kinywa. "Nishukuru nini?" akasema moyoni. "Washukuru wao wenye kuni kavu."

Hakuimba.

Jua halijapanda vizuri, akasikia vishindo vya watu uani. Alipofungua mlango alimkuta Mama Loti na mzigo wa kuni kichwani, nyuma yake wanawake na mikungu ya ndizi, wanaume na majembe ya kuchimbia kaburi, na Mzee Zakayo amevua kofia. Mama Loti alitupa kuni chini, akamkumbatia, akaangua kilio. "Pole, mwenzetu! Pole! Mama wa watu ameteseka, sasa amepumzika!"

Kutoka ndani sauti ikauliza, "Amepumzika nani?"

Kilio kikakatika. Watu wakatazamana.

"Namkunda, mwanangu," Bibi Nachero akaendelea kwa ukali, "kama wamekuja kunizika waambie wangoje kidogo, sijapata hata uji."

Baadhi ya wanaume waligeuka kando kuficha kicheko. Namkunda hakucheka. Aibu iliwaka usoni mwake, na hapo akafanya kosa lililo kubwa kuliko la kwanza. Akashika shingo yake na kunong'ona, "Koo linaniuma. Sauti imekwenda."

Wakamwamini, maskini, wakamhurumia. Kuni wakamwachia, na Mama Loti akarudi mchana na kibuyu cha asali. Zakayo aliuliza jambo moja tu kabla ya kuondoka. "Na Mzee Sefania je? Hapana sauti nyingine inayofika kule."

"Mto ukipungua nitamweleza, baba," akanong'ona.

Siku zikapita. Wimbo ulishuka mpaka kwa Mama Loti, ukaishia pale. Namkunda alidhani angepata pumziko, lakini wapi! Uongo nao ni kazi. Ilimpasa anong'one mbele za watu, ailambe asali asiyoihitaji, ajifanye kukohoa. Na nyumba ikawa nzito ajabu. Hata Bibi Nachero alilalamika. "Ulikuwa unaimba vibaya," alisema, "lakini nilijua kumekucha. Sasa nalala hapa sijui ni asubuhi ama ni kaburi." Usiku alitaka kusali, maneno yakakataa.

Ikaja asubuhi ambayo mvua ilikata. Mawingu yalipanda, mto ukashuka sauti yake. Namkunda alikuwa uani anaanika kuni. Wimbo kutoka juu ulikuwa umekwisha kufika kwa Mama Loti na kunyamaza, naye akainamisha kichwa kama alivyozoea siku hizo, akingoja aibu ipite. Ndipo aliposikia sauti ikitoka upande usio wake. Ilitoka chini. Ilikuwa imepasuka, inaburuta, inasimama katikati ya neno kuvuta pumzi, kisha inaendelea.

"Kumekucha, Bwana... na nyumba ya Namkunda ipo... kwa pumzi hii moja... inakushukuru."

Kuni zikamponyoka mikononi. Alishuka mbio, akiteleza kwenye matope, mpaka ukingoni. Ng'ambo alimwona Mzee Sefania amekaa kwenye kizingiti cha kibanda chake, amejifunika blanketi, amekonda kwa siku zile za mafuriko. Mzee akainua mkono wake usio na vidole.

"Binti yangu!" akaita. "Pole kwa msiba. Ni mama, siyo?"

Namkunda alitazama chini.

"Nimemlilia," Sefania akaendelea. "Ulipokosa kuimba nikajua Nachero ametangulia, nami nikasema, nyumba ile haina jirani wa chini isipokuwa mimi. Basi nimekuimbia kila asubuhi. Najua hukusikia, mto ulikuwa unapiga kelele. Lakini nilidhani Bwana anasikia."

Kila asubuhi! Mtu ambaye hakuna aliyekula naye chungu kimoja, mwenye njaa, alikuwa amebeba nyumba ya Namkunda mbele za Mungu siku zote ambazo mwenye nyumba alikuwa amefumba kinywa kwa hasira. Namkunda alikaa chini pale pale kwenye matope.

"Baba," akasema, "hakuna aliyekufa."

Mzee akainama mbele. "Nachero yu hai?"

"Yu hai. Wala koo haliniumi. Nilikataa kuimba. Nimechoka, baba. Nimechoka na uji, na paa, na maji ya ndiva, na kutukanwa. Nikaona sina cha kushukuru. Nikawadanganya watu wote, na wewe nikakuacha."

Alingoja karipio. Kama angelipata, lingemstahili. Lakini Sefania alicheka, kicheko kikavu kikaishia katika kikohozi. "Mungu asifiwe, Nachero yu hai! Na machozi yangu yote yale!" Kisha akatulia, akasema, "Mimi pia nimechoka, binti. Ulidhani naitikia Amina kwa sababu nimepona? Usiku humwambia Bwana yote, simfichi. Humwambia nataka vidole vyangu. Humwambia nataka mtu aketi hapa. Yeye hakasiriki. Lakini nikisha kumwambia hayo, asubuhi husikia sauti yako, na wimbo unasema sisi tupo. Sisi. Nami huwa nimo ndani yake. Ulipoacha, nilibaki na yale ya usiku peke yake."

Namkunda akalia mpaka akamaliza. Kisha akanawa uso kwa maji ya mto, akapanda.

Hakusimama nyumbani kwake. Alipanda mpaka kwa Zakayo, na akiwa njiani akamchukua Mama Loti awe shahidi, akasema mbele yao kwa sauti yake kamili, "Koo langu halikuuma hata siku moja."

Mama Loti ndiye aliyetangulia kusema. "Na asali yangu!" akapiga makofi. "Asali yangu ya nyuki wadogo umeilamba bure!"

"Nimeilamba bure," Namkunda akakiri. "Nisameheni. Na nina ombi. Siwezi kumuuguza mama mkwe peke yangu. Sikuwahi kuwaomba, nilikuwa nawanung'unikia tu."

Mama Loti akaguna, akavuta kanga yake. "Ungesema mapema, mwenzangu," alisema. "Kesho nitakuja nimgeuze mimi. Anitukane na mimi kidogo, nione ladha yake."

Msidhani mambo yaligeuka asali baada ya hapo. Asubuhi iliyofuata paa lilikuwa bado linavuja, na uji, tunaambiwa, ulikuwa na chumvi nyingi mno. Namkunda aliamka na mgongo unaouma kama siku zote. Wimbo ukashuka, ukafika kwa Mama Loti, kimya kikamsubiri. Akasimama mlangoni na kufungua kinywa. Sauti ilitoka na mikwaruzo, ikamkwama, akaanza upya. "Kumekucha, Bwana, na sisi tupo." Hakuwa amepata furaha, ila alijua sasa anaimba pamoja na nani. Na kutoka ng'ambo, hafifu, ikaja Amina, naye akaipokea kwa mikono miwili, akaipeleka juu.

Akaendelea hivyo masika hata masika. Bibi Nachero akafa kweli, amezeeka, na watu wakaja na kuni zao, safari hii hawakukosea. Naye Namkunda mwenyewe akaanza kuota mvi.

Kisha ikafika asubuhi moja ya kiangazi, tulivu, mto umelala. Namkunda aliimba, akatega sikio. Amina haikuja. Akaimba tena. Akangoja hata majirani wa juu wakaanza kuitana, "Vipi huko chini?" Akatazama ng'ambo, akaona kibanda hakitoi moshi.

Machozi yalimshuka. Alikuwa amechoka asubuhi ile, ndiyo, tena zaidi ya siku nyingi. Lakini nyumba ile haikuwa na jirani mwingine isipokuwa yeye. Basi akasimama ukingoni, akaligeukia korongo, na kwa sauti kubwa iliyosikika mpaka kanisani akaimba:

"Kumekucha, Bwana, na nyumba ya Sefania ipo, kwa pumzi hii moja inakushukuru."

Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuitikia, akaitikia mwenyewe, "Amina," akaipeleka juu nyumba kwa nyumba.

Wapendwa, Mungu hakutuzuia kumweleza uchovu wetu, na asiyechoka hayumo miongoni mwetu. Lakini ukifika mlangoni asubuhi na kinywa kikawa kizito, kumbuka kwamba huenda chini yako kuna mtu asiyejua kama kumekucha mpaka akusikie. Na ukishindwa kabisa, tulia. Pengine ng'ambo, usikoweza kusikia, kuna anayelitaja jina lako.