Masikio ya Mzee Moloimet

Wazee walipotuachia kauli kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakubagua mtu. Hawakusema ainame asiyesoma, naye msomi aletewe mezani. Vedasto, kijana wa Kansay, aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, tena aliwahi kupata alama zote alipoulizwa maana yake. Kuifuata ndiko kulikomshinda.

Darasani hakuwa na mpinzani. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya tiba ya mionzi, na hesabu za kazi hiyo alizitafuna kama karanga. Lakini mtaalamu wa mionzi hapimwi kwa karatasi peke yake. Lazima amlaze mgonjwa kwenye kitanda cha mashine na kumweka sawasawa, ili mionzi ipige uvimbe na kuiacha nyama iliyo nzima. Kwa hiyo yeye na wenzake wanne walipelekwa kwenye hospitali moja mpya mjini Karatu kwa mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu, chini ya Bi Doreen, mkufunzi wa maneno machache na macho makali.

Kila asubuhi Bi Doreen aliwataka wanafunzi wawapokee wagonjwa mlangoni, wawasalimu, wawavue viatu na kuwasaidia kupanda kitandani. Wenzake walifanya hivyo bila kinyongo. Vedasto alipitiliza moja kwa moja hadi kwenye kompyuta.

"Madam, mimi sikusoma fizikia ili nije kuvua watu viatu," alisema siku moja.

"Mashine haiumwi, Vedasto," Bi Doreen alimjibu. "Anayeumwa yuko mlangoni."

Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea la pili. Mtihani wa vitendo ulipofika, Vedasto alimlaza mgonjwa bila hata kumtazama usoni wala kumuuliza kama ana maumivu popote. Mama wa watu alizidiwa na maumivu ya mgongo, akajigeuza katikati ya kupigwa picha ya kuhakiki mkao, na mtihani ukaharibika. Vedasto alipewa nafasi moja tu ya kurudia, siku ya Ijumaa. Akianguka tena angerudia mwaka mzima, na huko Kansay mama yake alikwisha kuitangazia jumuiya nzima kwamba mwanawe anamaliza chuo.

Ijumaa hiyo mgonjwa alikuwa Mzee Moloimet, mfugaji wa Kimaasai kutoka Soitsambu mwenye saratani ya koo, aliyesindikizwa na binti yake, Nareyu. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya matibabu. Wiki iliyotangulia alikwisha kutengenezewa barakoa yake ya plastiki yenye matundu, iliyolainishwa kwa maji ya moto na kufinyangwa juu ya uso na shingo yake. Barakoa hiyo hubanwa kitandani ili kichwa kisicheze. Masikio ya mzee yalikuwa yametogwa tangu ujana, na ndewe zake zilining'inia karibu kufika mabegani.

Vedasto alinyoosha mkono kumsalimu. Mzee aliutazama ule mkono kama mtu anayeoneshwa ng'ombe asiye wake.

"Kaka," Nareyu alisema kwa upole, "kwetu kijana wa rika lako hampi mzee mkono. Anainamisha kichwa, mzee anamgusa utosini. Ndiyo salamu yetu."

Uso wa Vedasto uliwaka moto. Yeye, mwenye ndevu na koti jeupe, ainame kama layoni, mvulana asiyetahiriwa anayechunga ndama? Alijifanya hakusikia. "Karibu ulale, mzee," alisema, akageukia barakoa.

Barakoa ilikataa kukaa. Aliibana upande wa kulia, wa kushoto ukainuka. Alijaribu tena, ikakaa kwa shida, lakini picha ilionesha shingo imepinda kwa milimita tano. Akasogeza kitanda, akapiga picha nyingine, hali ikawa ile ile.

"Mzee, kuna mahali panakubana?"

Mzee alikodolea dari macho kama hakuulizwa kitu. Bi Doreen, ambaye kwa kanuni za mtihani hakuruhusiwa kusaidia, alitazama saa yake.

Njia ya kujiokoa ilikuwepo. Vedasto angeweza kusema barakoa imeharibika, itengenezwe nyingine. Mzee angesubiri hadi wiki ijayo na uvimbe wake kooni, na hakuna ambaye angemlaumu mwanafunzi. Lakini kupitia matundu ya plastiki aliyaona macho ya mzee yakimtazama, akaona aibu. Alifungua barakoa, akamketisha mzee taratibu. Kisha akapiga moyo konde, akasogea mbele yake na kuinamisha kichwa.

Kiganja kizito, kikavu, kilitua utosini mwake.

"Haya, sasa nimeona mtoto ya watu," mzee alisema huku akicheka. "Sikiliza. Ile siku ya kutengeneza hii kitu, masikio yangu ilikuwa juu. Leo iko chini."

Alishika ndewe zake, akazikunja na kuzipachika juu ya masikio, kama wafanyavyo wazee wakiwa kazini porini. Kumbe ndewe ndizo zilizokuwa zikijikunja chini ya plastiki na kuisukuma shingo!

"Sasa mbona hukuniambia, mzee?"

"Wewe hujanisalimia. Mimi naanza vipi kukupa habari ya masikio?"

Nareyu alicheka hadi akajifunika mdomo kwa shuka. Vedasto alimlaza mzee upya, na barakoa ikabana pande zote bila kulazimishwa. Picha ilionesha tofauti isiyofika milimita moja. Bi Doreen alitikisa kichwa kukubali, wote wakatoka wakamwacha mzee peke yake, mlango mzito ukafungwa na mashine ikafanya kazi yake. Dakika chache baadaye mzee alikuwa ameketi, anaulizia chai.

Bi Doreen aliwaita wanafunzi wote akasoma alama. Vedasto alikuwa amepata tisini na mbili, na hakuna aliyemkaribia. Wenzake walimbeba juu juu ukumbini kwa vifijo, naye akacheka huku machozi yakimlengalenga.

"Ulijuaje kama ni masikio?" mmoja wao alimuuliza.

"Sikujua," alijibu. "Niliambiwa nilipoinama."

Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.