Kamba Moja na Moyo wa Nakijwa

Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana ndani ya hadithi hii kuna watu wamebanwa, na sitaki kuwaacha gizani nikisubiri kifua cha mtu.

Huko milima ya Upare alikuwako mwanamke akiitwa Nakijwa. Moyo wake ulikuwa mvivu, ukisahau kudunda, hivyo madaktari wakampachika kifaa cha kuushtua, kidogo kama punje ya haragwe. Kifaa hicho hakikuwa na betri. Kilijitengenezea umeme kutokana na mwili wake mwenyewe: akitembea, akilima, akipumua kwa nguvu, kinashiba. Akitulia mno, akiba inakwisha, nacho kinaanza kutetemeka kifuani, kikiomba chakula.

"Mimi ni mfungwa wa miguu yangu," alizoea kusema.

Mumewe, Senkondo, alijaliwa mabega. Mama mkwe wa Nakijwa, Nambike, alijaliwa mikono isiyochoka, na ukali wa kutosha nyumba tatu. Na Shirima, Mchaga mnunuzi wa tangawizi, alijaliwa mdomo. Wapare na Wachaga ni watani, kwa hiyo hakuwa na adabu hata chembe nyumbani kwa Senkondo, na hakuna aliyeidai.

Siku moja mvua ikamzuia Shirima hapo. Wakiwa wanne wanakunywa chai, mlima ukateremka. Udongo ukaziba mlango na dirisha, na boriti ikamwangukia Nakijwa, ikamkandamiza sakafuni.

"Sipumui," alisema.

Senkondo akaingiza bega chini ya boriti, akainyanyua kidogo tu, kifua cha mkewe kikapata nafasi. Kuisogeza zaidi hakuweza, na kuiachia hakuthubutu. Akabaki hivyo, jasho likimtiririka.

Majembe ya majirani yalisikika kwa mbali sana kifaa kilipoanza kutetemeka. Nambike akapapasa gizani, akaishika mikono ya mkamwana wake, akawa anairusha juu na chini kama anayetwanga.

"Usinilalie, mwanangu! Nani kakupa ruhusa?"

Kifaa kikatulia, kisha kikatetemeka tena. Mikono peke yake haikutosha.

Hapo Shirima akakohoa. "Mtani, mlima umewaangukia. Sasa nyie Wapare, kwa kupenda kesi, mtaushtaki mahakama gani?"

Nakijwa akacheka, kifua kikaruka. "Na wewe Mchaga, ukizikwa leo, kesho umefungua duka kaburini."

Basi Shirima akaanza kumlilia angali hai, kama watani wafanyavyo msibani, akiomboleza kwa sauti ya kubana pua, akitaka ng'ombe mzima wa matanga. Kila kicheko kilikuwa tonge. Lakini Nambike alipopumzisha mikono, kicheko hakikushibisha. Na bega la Senkondo lilipotetereka, Nakijwa hakuwa na pumzi ya kuchekea. Ilibidi wawe wote watatu, bila kuacha, hadi majirani walipotoboa tundu darini.

Wakateremsha jeki ya kushikilia boriti, na kamba moja. Nakijwa akatolewa kwanza. Hilo hata mtoto angeliamua.

Mara jeki ikaanza kulalama na udongo kumiminika upya.

"Tutawahi kumtoa mmoja," alisema aliyeshika kamba. "Wengine, Mungu anajua. Haya, nani?"

"Mama!" alipaza Senkondo kutoka chini.

"Mtoeni mgeni!" alifoka Nambike. "Kwao nitakwenda kusema nini?"

"Mtani haondoki kabla hajazika!" alijibu Shirima, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mshika kamba akamgeukia Nakijwa. "Hawa wataishia kubishana. Wewe ndiye watakayekusikia. Taja jina."

Nakijwa akafungua mdomo, kikatoka kilio. Kifua kikapanda na kushuka, kikapanda na kushuka, na kile kifaa ndani yake kikala na kushiba, hakina habari.

Kamba inaning'inia, wasikilizaji wangu. Msinitazame mimi. Mmoja alimpa nafasi ya kupumua, mmoja alimpa mwendo, mmoja alimpa kicheko. Je, wewe ungetaja jina la nani?