Jemadari Nyati na Kanuni ya Saba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mihuri na mafaili, Nyati alikuwa koplo tu mwenye sauti nene. Akawafukuza fisi, akawa kapteni. Mfalme Tembo alipofariki, Nyati akakaa kitini, "kukilinda kisiingie vumbi." Jumatatu akajipandisha cheo, akawa jenerali. Alhamisi, jemadari mkuu.

Akakizungushia ua kisima cha wanyama wote, akaweka nyati wenzake walinde. "Mtakunywa hali ikitulia!"

Tarishi wake alikuwa Pimbi, mdogo kama kiatu cha mtoto. Nyumbani mkewe na wanawe walikuwa wakilamba umande kwenye majani. Naye Pimbi alikuwa na ugonjwa mmoja: kuuliza.

"Mheshimiwa, hali itatulia lini?"

"Kamati inachunguza."

"Kamati ni nani?"

"Mimi."

Pimbi akakuna sikio. Hivi huyu bwana, akajiuliza, kuna kitu anachokitii? Akafungua kitabu cha Kanuni za Gwaride, alichokiandika Nyati mwenyewe. Akasoma hadi ya saba. Hi hi hi! Akacheka peke yake.

Asubuhi akasema, "Mzee, vijana wanadai gwaride limekushinda."

"Mimi?" Puani fuu! "Walinzi wote, mstari nyuma yangu! Pimbi, toa amri!"

"Kwa kisauti hiki, afande?"

"Toa!"

Pimbi akaparamia kichuguu. "Gwariiide, mguu sawa!" Pwaa! "Mbele tembea!"

Pu! Pu! Pu! Wakatoka langoni, kifua cha Nyati kimetuna, nishani zikilia cheng'! cheng'! Wakafika kichakani.

"Pimbi! Mbona husemi simama?"

"Naitafuta, afande! Iko kwenye faili!"

"Basi nasimama mwenyewe!"

Mlinzi wa nyuma yake akakohoa. "Afande, Kanuni ya Saba. Anayesimama bila amri anavuliwa cheo."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Wewe, afande."

Nyati akatazama nishani zake, moja moja. Akaendelea. Pu! Pu! Pu!

Huku nyuma wanyama wakaung'oa ua. Mke wa Pimbi akanywa wa kwanza, na wanawe wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Na Nyati? Nendeni porini mkaone: hadi leo nyati hutembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, na wa mbele ametega sikio.

Basi, wanangu, anayetunga sheria aisome kwanza kama itakayomfunga yeye.