Tandala na Mstari wa Mbele

Wenzangu, nina ngano. Niiachie?

Iachie!

Ina majonzi, nawaambia mapema.

Iachie hivyo hivyo!

Haya. Zamani sana, zamani za kale, wanyama walikuwa na mchezo wao. Kila baada ya mavuno walipanda kilimani na vigari vya mbao, wakateremka navyo mbio hadi mtoni. Duma alikuja, na kigari chake kilikuwa hakishikiki. Nyani na Ngiri walikuja, nao walijua kiasi. Bi Kakakuona naye alikuja, mama mtu mzima, ndiyo kwanza anajifunza kushika usukani. Alikuwa anaupenda mchezo ule kuliko chakula.

Aliyewapanga ni Mzee Tandala, mwenye pembe ndefu na sauti nzito. Yeye alipenda mambo yaende kwa adabu. Basi aliwapanga kama watu wanavyoketishwa karamuni, wakubwa mbele, wadogo nyuma.

Mwaka wa kwanza Bi Kakakuona akamwambia, "Mzee mwenzangu, niweke nyuma kabisa. Sijajua bado."

Tandala akacheka. "Bibi, wewe ukae nyuma ya vijana? Watu watanisemaje? Heshima kwanza."

Duma naye akaja. "Shikamoo mzee. Naomba niwe mbele, nitangulie nisimkwaze mtu."

"Marahaba. Mbele ni kwa wakubwa, kijana. Heshima kwanza."

Akapuliza baragumu. Vigari vikateremka. Kwenye kona ya mwamba, njia inapobana, wenye mbio wakawafikia wasio na mbio, wakasongamana. Kigari cha Nyani kikang'oka gurudumu.

"Bahati mbaya tu," akasema Tandala.

Mwaka wa pili wanyama wakaongezeka. Bibi akaomba nyuma, Duma akaomba mbele. Tandala akajibu, "Heshima kwanza." Kwenye kona ile ile wakasongamana tena, Ngiri akavunjika jino.

"Bahati mbaya tu," akasema Tandala.

Mnamwona mzee huyo? Masikio makubwa vile, na hasikii.

Mwaka wa tatu walikuja wengi, kilele kikajaa. Bi Kakakuona akasema, "Mzee, leo naogopa. Niweke nyuma." Duma akasema, "Mzee, nakuomba sana. Basi tugawe makundi. Wanaojifunza washuke kwanza peke yao, sisi tufuate wakishafika."

Tandala akakasirika. "Niwatenge wakubwa kama wagonjwa? Huna adabu wewe. Heshima kwanza."

Akapuliza baragumu.

Bibi alifika kwenye kona polepole. Duma akatokea nyuma yake. Akajaribu kumkwepa, njia haikutosha. Akamgonga. Kigari cha bibi kikapinduka, na wale wa nyuma, kundi zima, wakampitia juu kabla hawajaweza kusimama.

Hakufa. Walimtoa magamba yamepasuka na mgongo umepinda. Duma alikaa kando ya njia akilia, machozi yakamchora mistari miwili usoni, na hata leo ipo. Hakupanda kigari tena.

Tandala akainama. "Bibi, mimi nilikuwa nakuheshimu."

Bi Kakakuona akasema, "Nilikuomba mara tatu."

Tangu siku ile, akisikia kishindo chochote hujikunja, akaficha uso tumboni. Tandala huenda kumwomba radhi. Anakwenda mpaka leo, maskini. Lakini ana kwato, na kwato zina kishindo. Kila akikaribia, bibi anajikunja. Mzee anasimama pale na maneno yake yote mazuri, anayaambia magamba, kisha anarudi kwake.

Wenzangu, ngano hii inatufunza kwamba kumheshimu mtu ni kumsikiliza anapokuambia anachokiweza na asichokiweza. Ukiwa na watu wengi mkononi mwako, wapange kwa uwezo wao, wala usiwapange kwa kuogopa utasemwaje.

Ngano imerudi kwao, nami narudi kwetu. Mliobaki, lindeni moto.