Kidole cha Mwisho Barazani

Mmewaona wazee wa Kwemapango wakiinua kidole cha mwisho kabla ya kusema neno barazani, mkacheka. Chekeni, lakini sikieni kwanza.

Zamani watu hawakuinua kidole, waliinua sauti. Aliyewashinda wote ni Semhando, mkuu wa ukoo uliotangulia kufika bondeni, ambaye hakuweza hata kuomba chumvi bila kutaja babu zake kumi. Mwaka mmoja mvua ikagoma. Maji yakabaki katika kisima kimoja tu, ndani ya pango, kando ya jiwe refu lililoota kwa matone yanayodondoka kutoka juu. Mboza, mjane aliyehamia msimu uliopita na watoto wanne, akaja na mtungi wake. Semhando akamzuia mlangoni.

“Nchi hii ina wenyewe,” akasema.

“Mzee wangu, watoto hawajanywa tangu jana.”

Moyo ulimchoma Semhando, lakini watu walikuwa wakitazama, naye hakuzoea kurudi nyuma mbele ya watu. Akaapa kwa jiwe. Babu yao wa kwanza, siku alipofika, alichonga alama kwenye ncha yake, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kupanda kuitazama ila kwa kiapo.

“Twendeni mkaone limekua kiasi gani tangu tufike. Lisipoipita alama kwa kimo changu, mjane na achote.”

Wakaingia na mienge. Jiwe lilikuwa refu kuliko watu wawili, hivyo Semhando akapanda ngazi ya miti, akapapasa. Alama ilikuwepo. Akaweka kidole cha mwisho juu yake, apime. Jiwe lilikuwa limeongezeka upana wa ukucha.

Babu kumi, vita, harusi, makaburi yote yale, ukucha mmoja! Akaanza kuhesabu kucha kushuka chini. Alipofika thelathini, sakafu ilikuwa mbali bado. Akaacha. Aliona aibu, aibu ya kweli, na tone likamdondokea utosini kana kwamba hayupo.

“Limekua kiasi gani, mzee wangu?” Mboza akauliza kutoka chini.

“Nimekutangulia kwa ukucha,” akajibu. “Lete mtungi.” Akashuka, akamchotea mwenyewe.

Na tangu siku hiyo, mtu wa Kwemapango akitaka kusema barazani kwamba yeye ndiye mwenyeji, sharti kwanza ainue kidole cha mwisho, autazame ukucha wake. Wengi wakishautazama, huketi.