Dakika Tano za Kiboko

Hadithi nawaletea.
– Ilete, tumekaa mkao wa kula.
Nikiikatiza je?
– Tutaimalizia wenyewe.

Palikuwa na darasa, na darasani palikuwa na Karunguyeye, mdogo wa mwili, mkubwa wa wasiwasi. Alikuwa amerudia darasa mara moja. Akirudia tena, angekaa dawati moja na mdogo wake.

Siku hiyo Mwalimu Korongo akagawa simu, moja kwa kila kundi. "Nataka podkasti ya dakika tano: safari ya chakula tumboni. Kila mtu asikike. Asiyesikika, sifuri, na anarudia darasa."

Kundi la Karunguyeye lilikuwa na Kobe na Kiboko. Kiboko alikuwa amekula makande yake, akala ya Kobe, akala ya Karunguyeye. Sasa akaikamata simu.

"Dakika zote tano zangu. Nyie mtapiga makofi."

"Makofi nayo yanahesabiwa?" Kobe akauliza.

"Langu utalihesabu shavuni."

Miiba ya Karunguyeye ikasimama. Akasema: "Zote zako, kaka mkubwa. Ila watangazaji wa kweli huanza kwa kurekodi ukimya wa chumba, dakika nzima. Au wewe si mtangazaji wa kweli?"

"Kuliko wote."

"Basi iweke simu mapajani, na usitikisike."

Wakaanza. Kimya. Kimya. Mara: ngurrr, bwata-bwata, pwiii.

"Nani huyo?" Kiboko akauliza.

"Maharage, kaka. Tuanze upya."

Wakaanza upya. Kimya. Kimya. Ngurrr, bwata-bwata, pwiii.

"Tuanze upya."

Mara ya tatu Kiboko akabana pumzi hadi masikio yakatetemeka. Kimya. Kimya. Kimya. Kisha kikatoka kitu ambacho Kobe alikikimbia, na Kobe hakuwa amekimbia tangu azaliwe.

Kengele ikalia, ko, ko, ko. Jikoni wanagawa ukoko. "Nikirudi ndio naongea," Kiboko akasema, akatoka mbio.

Karunguyeye hakuwa amefuta hata sekunde moja. Yeye na Kobe wakafunga mlango, wakarekodi maneno yao, na kila palipohitaji ushahidi wakaunga mlio wa tumbo la Kiboko.

Baada ya mapumziko Mwalimu Korongo akaibonyeza simu mbele ya darasa zima. Sauti ya Karunguyeye ikatoka: "Chakula kinaingia tumboni." Ngurrr. Ikafuata ya Kobe: "Hapa… ni utumbo… mwembamba." Bwata-bwata. Karunguyeye tena: "Na huu, wasikilizaji, ni utumbo mpana. Tunaomba mfungue madirisha."

Darasa likagaragara kwa kicheko.

"Mimi sijasema hata neno," Kiboko akalalamika.

"Umesikika kuliko wote," mwalimu akasema, akijifuta machozi kwa bawa. "Kundi zima mmefaulu. Kesho darasa la sita wanakuomba. Uje umeshiba."

Ngano yangu naiacha mlangoni, atakayeikanyaga aende nayo kwao. Na funzo lake ni lilelile la siku zote: mtoto mwema hula chakula chake chote, na cha wenzake kisiharibike, kisha anakaa kimya darasani. Atafaulu.