Kwa Nini Mguu Hufa Ganzi Ukichuchumaa

Nyie mnaomcheka Nyamizi kwa sababu ameinuka kwenye kuchambua karanga akaanguka, hebu nyamazeni. Kuna mtoto alikufa ndipo watu tukapewa hiyo ganzi, na mimi nikikumbuka habari yake damu inanichemka.

Zamani hizo mguu wa mtu haukulalamika. Mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka pajani ulipita ndani kabisa, kati ya mifupa miwili ya chini ya goti, umefunikwa na nyama pande zote. Mtu aliweza kuchuchumaa tangu asubuhi hadi jioni asihisi kitu. Watemi wakaigeuza hali hiyo kuwa desturi: mwenye shida achuchumae uani kwa mtemi, wala asiinuke mpaka aambiwe.

Siku moja nyoka alimuuma mtoto wa Kalunde, mwanamke mfinyanzi. Dawa ilikuwa kwa Mtemi Sagali peke yake, ndani ya kibuyu kilichotundikwa mlangoni. Kalunde alifika mbio, akachuchumaa. Sagali alikuwa anacheza bao. Alimwona, tena vizuri sana! Akaendelea kucheza. Akala, akanawa, akalala usingizi wa mchana. Kibuyu kilikuwa hatua kumi tu kutoka kwa yule mama, lakini hakuna aliyewahi kuinuka bila ruhusa, na miguu yake ilikaa kimya. Alipoambiwa "Inuka," jua lilikuwa limeshapinda. Alifika nyumbani na dawa mkononi, mtoto ameshakata roho.

Kalunde hakulia. Alimpandia Muumba mlimani, akijipiga mapaja njia nzima.

"Umenipa miguu gani hii isiyojua kukataa?" akamfokea.

"Nikiutoa mshipa nje, utawauma wote," Muumba akasema. "Hata wasio na kosa."

"Acha uwaume! Ungeniuma jana, mwanangu angekuwa hai."

Basi Muumba akauvuta ule mshipa, akauzungusha shingoni mwa mfupa mwembamba, upande wa nje, chini kidogo ya goti. Akaufunika kwa ngozi tu.

Haikupita wiki, mama mwingine akaja kwa Sagali, mwanawe naye kaumwa na nyoka. Akachuchumaa. Mara mguu ukaanza kumchoma kama siafu, kuanzia muundi hadi juu ya wayo, kisha ukafa kabisa. Akashtuka, akasimama akiyumba.

"Nani amekuruhusu?" Sagali akanguruma.

"Mguu," yule mama akasema, akaenda kukitungua kibuyu mwenyewe.

Sagali akaruka amkamate. Kumbe naye alikuwa amekunja nne tangu asubuhi, goti juu ya goti. Wayo ukamning'inia, vidole havinyanyuki, akawa anauburuta pwata, pwata, mpaka akajikwaa akaanguka kifudifudi mbele ya watu wake. Mtoto yule alipona.

Na tangu siku hiyo, ukichuchumaa sana au ukikunja nne, mshipa hubanwa pale kwenye mfupa, na mguu hufa ganzi. Jiguseni hapo, mtaukuta.

Na bado mnakwenda kwa wakubwa wa siku hizi, mnachuchumaa mlangoni kutwa nzima, mguu unawaka moto, nanyi mnausugua tu na kunyamaza! Kalunde hakurudishiwa mwanawe. Mguu ukikuchoma, simama.